Shajara ya mradi: kumwonyesha Baba chui, Seronera

Jumamosi, 3 Februari 2024. Kwa nini chui

Baba alichunga ng'ombe na mbuzi upande wa Bunda, jirani na mpaka wa Serengeti, tangu akiwa na miaka saba. Anamjua chui kwa alama za kucha kwenye gome la mti, kwa mbuzi anayekosekana alfajiri, kwa mbwa wanaobweka kisha wakanyamaza wote kwa mpigo. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona kwa mwanga wa jua. "Nimemsikia, nimeona alichokula. Yeye mwenyewe sijamwona." Mwaka huu anatimiza miaka 70.

Lengo ni moja: kabla mwaka haujaisha, Baba amwone chui porini, mchana, kwa macho yake. Tutakuwa watano: Baba, shangazi (dada yake), mke wangu, mdogo wangu na mimi. Tunaanzia Mwanza. Bajeti isizidi laki sita kwa kila mtu.

Naandika shajara hii kwa sababu nilipotafuta maelekezo nilikuta mengi yameandikwa kwa mgeni anayeshuka uwanja wa ndege na dola mfukoni. Ya familia inayotoka Kanda ya Ziwa na shilingi zake nilikuta machache. Nitaweka hesabu zote, na yatakayoharibika nitayaweka bila kuyapunguza.

Jumamosi, 17 Februari. Kuchagua mahali

Wiki mbili za kusoma na kuuliza. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba hata sisi tulikuwa tunachanganya wanyama. Mdogo wangu alituletea picha ya "chui wa Serengeti" aliyopewa na rafiki yake. Baba aliitazama akasema, "Huyu ni duma." Duma ana mistari myeusi miwili inayoshuka kutoka kwenye macho hadi mdomoni kama machozi, miguu mirefu, kifua chembamba, na madoa yake ni nukta nzima. Chui ana shingo nene na miguu mifupi yenye nguvu, na madoa yake mengi yamejipanga kwa duara kama waridi lililo wazi katikati.

Naiandika tofauti hiyo kwa sababu inabadilisha mpango mzima. Duma anawinda mchana kwenye uwanda ulio wazi, kwa hiyo ukizunguka sana unaongeza nafasi ya kumwona. Chui anaishi peke yake, anapenda giza, na mchana hulala juu ya tawi au ndani ya kichaka. Anafuata mito yenye miti mikubwa na majabali. Wala hahami na nyumbu. Watu wengi hupanga safari ya Serengeti kwa kalenda ya nyumbu: kusini mwanzoni mwa mwaka, magharibi kuelekea Juni, kaskazini kwenye Mto Mara kuanzia Julai. Kwa chui kalenda hiyo haina uzito. Yeye yuko pale pale mwaka mzima, na kinachobadilika ni urefu wa nyasi, wingi wa majani na hali ya barabara.

Tulipima Ruaha, Tarangire na bonde la Seronera katikati ya Serengeti. Nje ya nchi kuna South Luangwa kule Zambia, ambako wanaruhusu kutembea na gari usiku kwa tochi, jambo ambalo Seronera haliruhusiwi. Lakini kwa bajeti yetu na umri wa Baba na shangazi, Seronera ilishinda mapema. Mto Seronera una migunga na miegea yenye matawi mapana yanayolala, na madereva wote niliowauliza walitaja bonde hilo kwanza.

Nilimweleza Baba kwamba tangu 2016 chui amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka duniani, na kwamba yule wa Unguja hajulikani kama yupo tena. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema sisi wafugaji tulimchukia kwa sababu ya mbuzi, hatukufikiri kwamba anaweza kwisha.

Jumamosi, 9 Machi. Hesabu ya kwanza

Wakala mmoja alitupa bei ya mzunguko wa siku tano, Serengeti, Ngorongoro na Manyara: milioni 3.9 kwa watu watano. Tuliikataa kwa sababu ya fedha. Ilipaswa kukataliwa pia kwa sababu siku nyingi zingeishia barabarani, lakini hilo sikuliona wakati ule.

Njia tuliyochagua ni lango la Ndabaka, barabara ya Mwanza–Musoma, ukishapita Lamadi. Ukitoka Arusha kwa njia iliyozoeleka unakatiza eneo la Ngorongoro na kulipa kiingilio cha huko, halafu unalipa tena Serengeti. Ukiingilia Ndabaka unalipa mara moja tu. Kutoka lango hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 140 kupitia ukanda wa magharibi.

Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima ni 11,800 pamoja na kodi, kwa saa 24. Malipo hayafanywi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au simu. Kila mtu awe na kitambulisho chake cha taifa.

Mjomba ametupa gari lake dogo la familia bila malipo. Tumeamua kwenda Pasaka, kwa kuwa wote tuna mapumziko.

Jumanne, 2 Aprili. Safari ya kwanza imeshindwa

Tumerudi juzi usiku. Chui: hakuna.

Tulitoka Mwanza Ijumaa Kuu saa 11 alfajiri tukaingia lango saa 2 asubuhi. Nilifurahi kwamba tumewahi. Kilomita kama arobaini ndani, gari lilizama. Ukanda wa magharibi sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka ni mgumu kama sakafu, ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza kwa nguvu, na gari letu linasukumwa na magurudumu mawili tu. Tulikaa pale saa nne na nusu hadi lilipopita gari lenye winchi. Tulilipa laki moja na nusu kwa kuvutwa, na katika kuvutwa kinga ya injini ilipinda na bomba la moshi likachanika.

Mbung'o walituvamia tukiwa tumesimama na vioo viko wazi kwa joto. Mdogo wangu alivaa jinzi ya bluu, shangazi alijifunga kitenge cha bluu iliyokolea. Wao wawili waliumwa kuliko sisi wote, na halikuwa jambo la bahati. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilikuwa nimelisoma hilo mwezi Februari nikasahau kuwaambia.

Tulifika Seronera saa 11 jioni, tukapiga mahema haraka kwenye kambi ya umma. Jumamosi tuliamka, tukanywa chai, tukaanza kutembea saa 2 asubuhi. Tulizunguka kilomita 130 siku hiyo. Tuliona simba, tembo, twiga, bwawa la viboko. Nyasi zilikuwa zimefika usawa wa dirisha, migunga imefunga majani. Kando ya mto Baba alisema, "Zima gari tusikilize." Nilimjibu kwamba tunachelewa kwenda kwenye viboko. Baadaye akasema tena. Nilimjibu vile vile. Mara ya tatu hakusema.

Naliandika hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko tope na kuliko fedha.

Jumapili kukaja kosa la mwisho. Kibali kinahesabu saa 24 tangu unapoingia. Tuliingia saa 2 asubuhi, kwa hiyo siku mbili zilikwisha Jumapili saa 2 asubuhi, na gari haliruhusiwi kutembea kabla ya saa 12. Kwa kasi inayoruhusiwa hifadhini, kilomita 50 kwa saa, tusingeweza kufika lango kwa saa mbili. Ilibidi tulipie siku ya tatu ambayo tuliitumia barabarani tu.

Gharama ya safari hiyo: petroli 260,000, lango na kambi kwa siku mbili 224,200, siku ya tatu 82,600, kuvutwa 150,000, fundi 180,000, chakula 140,000. Jumla 1,036,800.

Jumamosi, 20 Aprili. Kosa lilikuwa wapi

Nilichukua daftari nikaandika tulivyotumia saa zetu ndani ya hifadhi. Tulilipia saa 72. Ukitoa usiku, tope na barabara ya kwenda na kurudi, muda tuliokuwa kando ya mto katika saa ambazo chui hutembea, yaani saa moja na nusu baada ya kupambazuka na saa moja na nusu kabla ya giza, haukufika hata saa moja. Na hiyo tulikuwa tunatembea, injini inanguruma.

Tangu hapo kipimo cha mradi si kilomita tena wala idadi ya hifadhi. Ni mapambazuko na machweo. Swali la kila uamuzi: je, huu unaongeza pambazuko kando ya mto au unalipunguza?

Kwa kipimo hicho mengi yakajipanga upya. Mwezi: tusubiri kiangazi, nyasi fupi, barabara kavu. Nyumbu watakuwa kaskazini na magari mengi yatawafuata huko, na sisi hatuwahitaji. Muda wa kuingia: mchana, kusudi siku ya mwisho tubaki na alfajiri. Gari: lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne na paa linalofunguka, kwani kutoka dirisha la gari dogo huoni juu ya nyasi wala ndani ya mti. Hilo ni la kukodi na ndilo litakalokula bajeti.

Nilikwenda kwa Baba kumwomba radhi kwa yale ya kando ya mto. Alisema yameisha. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunifundisha milio: kanga wanavyopiga kelele wakimwona, tumbili wanavyokohoa wakitazama chini upande mmoja, swala pala anavyopiga chafya kwa nguvu. "Nyani anabweka kwa simba pia. Lakini tohe, yule swala wa matete, akipiga mluzi asubuhi karibu na maji, simama." Nimeyaandika yote. Mtu huyu nilikuwa naye ndani ya gari siku tatu, nikawa nategemea ramani ya simu.

Jumamosi, 15 Juni. Gari, dereva, darubini

Tarehe zimepatikana: Nane Nane inaangukia Alhamisi. Tutaingia Alhamisi mchana na kutoka Jumapili mchana. Mapambazuko matatu, machweo matatu.

Niliongea na madereva watatu wenye uzoefu wa Seronera. Bei zao zilikaribiana, kwa hiyo niliwapa swali moja: nikikupa asubuhi moja tu ya kumtafuta chui, utafanyaje? Wawili walisema watazunguka na kusikiliza redio. Wa tatu, mzee wa makamo, aliniuliza kwanza ni mwezi gani na wazee wanaweza kukaa muda gani bila kushuka garini. Akasema atafuata mto polepole, atasimama mara nyingi, na kama siwezi kuvumilia kusimama nitafute mwingine. Tumemchukua huyo. Laki tatu na nusu kwa siku pamoja na gari, mafuta juu yetu. Nimelipa amana nusu.

Darubini ilinipa hasara ndogo yenye mafunzo. Nilinunua iliyoandikwa 10x25 kwa 45,000 kwa sababu ni nyepesi na inakuza mara kumi. Nilipoijaribu giza likianza kuingia kwenye mwembe ulio mita 80 kutoka nyumbani, nikaona giza tupu. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana ndio unaoingiza mwanga. Halafu ukuzaji wa mara kumi unakuza na mtetemo wa mikono. Kwa mkono wa mzee picha inarukaruka. Nimetafuta 8x42 iliyotumika, 120,000. Kwa mwanga ule ule wa jioni, mwembe huo huo, Baba alihesabu maembe. Ukinunua kwa ajili ya chui, ijaribu magharibi ikiingia.

Nguo: kaki, kijani kilichofifia, kahawia. Shangazi amekubali kuacha vitenge vya bluu nyumbani, amechagua cha rangi ya udongo.

Jumanne, 6 Agosti. Kila kitu tayari

Mahema matatu yamekodiwa, 90,000. Mitungi ya maji, jiko la gesi, sweta kwa kila mtu kwa sababu Agosti alfajiri Seronera ni baridi. Vitambulisho nimevikagua mwenyewe kimoja kimoja. Malipo ya lango yamefanyika. Chai ya asubuhi itachemshwa usiku na kuwekwa kwenye chupa, tuondoke kambini saa 12 kamili bila kuwasha jiko.

Alhamisi, 8 Agosti, usiku. Kambi ya umma, Seronera

Tumeingia Ndabaka saa 6:30 mchana. Pale tulipozama mwezi Machi pamekauka na kupasuka. Tumepita kwa dakika mbili. Mbung'o wapo, lakini hawakumsumbua shangazi. Tumefika Seronera saa 10:30 na kwenda mtoni moja kwa moja kabla ya kupiga mahema. Hilo lilikuwa agizo la dereva, na lilituokolea machweo ya kwanza. Tumemwona tohe dume na majike wawili kwenye matete, viboko wawili, tai juu ya mgunga. Chui hakuna. Saa 1 usiku ni lazima gari liwe kambini.

Kambi haina uzio. Tunapika na kula ndani ya jengo lenye nondo na wavu. Mahemani hakuna chakula hata biskuti.

Ijumaa, 9 Agosti, usiku

Asubuhi saa 12:30 nyani walianza kubweka ng'ambo ya mto. Dereva akageuza gari, moyo ukanienda mbio. Walikuwa simba jike wawili. Baba alinitazama tu. Alikwisha kunionya kuhusu nyani.

Jioni redio ya dereva ikaita. Madereva wana lugha yao redioni: huyu wanamwita "madoadoa wa juu", na duma "madoadoa wa chini". Tulikuwa dakika kumi na tano kutoka hapo. Tulipofika palikuwa na magari kumi na manne yamezunguka mgunga mmoja, na la kwetu likawa la kumi na tano, nyuma ya yote. Mdogo wangu na dereva waliona mkia ukining'inia kwenye tawi. Kisha gari moja likawasha injini kujisogeza mbele, mkia ukavutwa juu, na mnyama akashuka upande wa pili akaingia kwenye nyasi. Mke wangu aliona nyasi zikitikisika. Mimi sikuona kitu. Baba naye hakuona kitu.

Magari yaliondoka yote ndani ya dakika kumi. Sisi tulibaki dakika 50. Hakurudi.

Wakati wa chakula tulijadili kama hiyo inahesabika. Mdogo wangu alisema tumempata. Nikasema lengo tuliloliandika Februari ni Baba amwone. Kwa hiyo bado.

Naongeza saa hii, ni saa 9:20 usiku, kwa tochi. Baba ameniamsha kwa kunigusa bega. Kuna sauti upande wa mtoni, kama mtu anapasua mbao kwa msumeno mbovu: anavuta, anasukuma, anavuta, anasukuma, kisha kimya. Imerudiwa mara tatu. Baba ameketi na blanketi mabegani, amenyoosha mkono kuonyesha upande, na hajaushusha mpaka nikachora mshale kwenye daftari. "Ndiye," ameninong'oneza. "Miaka hamsini sijamsikia."

Jumamosi, 10 Agosti. Mchana

Naandika haraka nisisahau mpangilio.

Saa 12 kamili tumetoka. Dereva hakubishana na mshale wa Baba. Alisema sauti ya usiku husafiri mbali lakini upande hausemi uongo. Tumefuata mto kilomita kama mbili na nusu. Saa 12:20 Baba akasema, "Mzee mwenzangu, zima." Dereva akazima.

Kwa dakika kadhaa hakuna aliyesema. Kwale. Njiwa. Kisha mluzi mkali mmoja kutoka kwenye matete, mfupi, ukarudiwa. Tohe. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama, masikio mbele, anatazama sehemu moja ng'ambo ya maji. Tuliitazama sehemu hiyo kwa darubini kwa zamu hatukuona chochote. Baba akasema tusitazame nyasi, tutazame miti iliyo nyuma yake.

Saa 12:55 mke wangu ndiye aliyeona: kwenye mwegea wa pili, katikati ya yale matunda marefu yanayoning'inia, kulikuwa na kimoja chenye kwato. Ulikuwa mguu wa swala tomi. Mzoga umepandishwa na kubanwa kwenye panda la tawi, mita kama tano juu ya ardhi, mahali ambapo fisi hafiki na simba anapata tabu. Chui mwenyewe hayupo.

Dereva alisogeza gari polepole, akaliweka mbali kidogo kuliko nilivyotaka, jua likiwa nyuma yetu. Akatuambia: nyama ipo, haijaliwa nusu, mwenyewe atarudi. Inaweza kuwa sasa hivi au usiku. Uamuzi ni wetu.

Hapa ndipo bajeti yote ilipokuwa inapimwa. Tulikuwa na asubuhi mbili tu, na redioni kulikuwa na duma na watoto wake kilomita nane kutoka pale. Mdogo wangu alitaka twende turudi. Nikamuuliza Baba. Akasema, "Mimi nakaa." Shangazi akamimina chai.

Tulikaa karibu saa tatu. Magari mawili yalikuja, yakatazama mzoga, yakaondoka. Saa 2 na nusu jua likaanza kuwaka, nikaanza kujihesabia makosa. Shangazi alisinzia. Dereva hakuwasha redio hata mara moja.

Saa 3:50 tumbili walikohoa nyuma yetu. Nyuma, upande wa barabara, ambako hatukuwa tunatazama. Baba aligeuka kabla ya dereva. Chui alikuwa anatoka kwenye majani yaliyokauka, anakuja anatembea kwa miguu yake bila haraka, jike, kichwa kiko chini, ncha ya mkia imeinuka na upande wa chini ni mweupe. Alipita mita kumi na mbili kutoka kwenye gari. Hakutuangalia. Alivuka kijimto kwa kuruka jiwe moja, akasimama chini ya mwegea, akatazama juu, kisha akapanda. Kupanda kwenyewe sikukuona vizuri: alikuwa chini, halafu alikuwa juu, na kati ya hayo mawili kulikuwa na sauti ya kucha kwenye gome.

Baba alikuwa amesimama, kichwa nje ya paa. Alivua kofia. Hakugusa darubini, hakuwa na haja nayo. Baada ya muda mrefu alisema kwa sauti ya chini sana, "Kumbe ni mdogo hivi."

Sikuelewa mara moja. Baadaye njiani alinieleza. Utoto wake wote alimpima chui kwa madhara aliyoyaacha, kwa mbuzi aliyepandishwa mtini, kwa woga wa wakubwa. Alimjenga akilini ukubwa wa ndama. Na huyu jike hakuzidi mbwa mkubwa kwa urefu.

Alikula kwa dakika arobaini, akageuza mzoga, akalala kwenye tawi miguu minne ikining'inia. Tuliondoka saa 5 akiwa bado pale. Wakati tunaondoka magari yalikuwa sita, na dereva hakuwa ameita mtu.

Jumapili, 11 Agosti

Pambazuko la tatu: mzoga umebaki mifupa, mwenyewe hayupo. Tuliondoka Seronera saa 2:15, tukatoka lango saa 6:05 mchana, dakika 25 kabla ya kibali kuisha. Ni finyu. Bora kuondoka saa 2 kamili.

Jumatano, 14 Agosti. Gharama na marekebisho

Gari na dereva, siku nne: 1,400,000. Dizeli: 480,000. Lango, kambi na gari kwa siku tatu, watu sita pamoja na dereva: 442,500. Chakula na maji: 230,000. Mahema: 90,000. Bahasha ya dereva: 100,000. Jumla 2,742,500, sawa na 548,500 kwa kila mmoja wetu watano. Darubini mbili, 165,000, nimezibeba mwenyewe. Ukijumlisha na Pasaka, mradi mzima umekula 3,944,300, yaani zaidi kidogo ya ile bei ya wakala niliyoikataa Machi. Anayeanza na safari ya Agosti moja kwa moja anaokoa zaidi ya milioni.

Nitakayobadilisha: hema la wazee liwe na vitanda vya kukunja, kwa sababu mgongo wa shangazi uliuma usiku wa pili na wa tatu. Gari liwe na viti vyenye mito, kwa kuwa kazi kubwa ni kukaa. Na tungeongeza usiku mmoja. Tulimpata katika pambazuko la pili kati ya matatu, na mwenye pambazuko moja tu asingekuwa na nafasi ya kukaa saa tatu chini ya mzoga bila mwenyewe.

Kwa anayetaka kufuata njia hii kwa gari dogo kama letu la Machi: kiangazi inawezekana kufika Seronera, nimeona magari ya aina hiyo pale. Ila mtaona chini ya matawi tu.

Baba amechukua ile darubini ya 8x42, ameitundika kwenye msumari karibu na kiti chake cha barazani. Jana aliniuliza kama wajukuu wanaweza kukaa kimya kwa saa tatu. Nimemwambia tuwapime kwanza pale chini ya mwembe. Tarehe za likizo ya shule zikipatikana nitaongeza ingizo.